Unaishi Kentucky, unafanya kazi Ohio: mshahara ni wa wapi?

Mwaka 2019 nilikuwa nakaa Covington, Kentucky, na kila jioni navuka daraja la mto Ohio kwenda Cincinnati kusafisha maofisi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa upande wetu wa Kentucky, na ilinilipa dola 7.25 kwa saa. Nilipouliza, msimamizi alininyooshea kidole kwenye bango ukutani: hiyo ndiyo sheria ya Marekani nzima. Nikanyamaza.

Bango halikudanganya, ila lilisema nusu. Dola 7.25 ni kima cha chini cha serikali ya shirikisho, na hakijapanda tangu Julai 2009. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kima cha chini kupangwa kwa sekta, wa mashambani chake, wa hotelini chake. Huku mahali nako kuna uzito mkubwa. Sheria ya shirikisho ya 1938 yenyewe inasema jimbo au mji ukiweka kiwango cha juu zaidi, kinafuatwa hicho cha juu. Jimbo kushuka chini ya kile cha shirikisho haisaidii: Georgia sheria yao bado imeandikwa 5.15, lakini mwajiri anayebanwa na sheria ya shirikisho lazima alipe 7.25.

Miji nayo haiko huru kila mahali. Louisville walijipandishia kima chao, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Kentucky ikakifuta. Ng'ambo ya mto, wapiga kura wa Ohio walibadili katiba ya jimbo lao mwaka 2006, na tangu hapo kima hupangwa upya kila Januari kufuata bei za bidhaa. Mwaka 2019 kilikuwa 8.55, mwaka 2025 kikafika 10.70. (Biashara ndogo sana za Ohio zinaruhusiwa kulipa 7.25, kwa hiyo usianze kugombana kabla hujajua mwajiri wako ni mkubwa kiasi gani.)

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tunapanda naye basi. Aliniuliza, "Dada, kazi unaifanyaka wapi, huku ao kule?" Basi. Kinachohesabiwa ni pale unaposukumia mopu. Unapolala, au ofisi ya bosi ilipo, havibadilishi kitu.

Wa migahawani mtazame zaidi. Shirikisho linamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, bakshishi ijazie. Isipofika 7.25, anayefidia pengo ni mwajiri, na wengi husubiri hadi uulize.

Andika saa zako mwenyewe, kila siku, kwenye daftari, na utenganishe saa za kila jimbo. Karatasi za malipo usizitupe. Usikae muda mrefu pia, maana madai ya shirikisho kwa kawaida hufa baada ya miaka 2, au 3 ikithibitika mwajiri alivunja sheria makusudi. Na kukufukuza kwa sababu umedai ni kosa jingine.

Mimi nilikuwa na daftari: wiki 22, saa 35 kila wiki, tofauti ya dola 1.30. Nikaenda nalo ofisini. Walinilipa dola 1,001 bila kelele, nikashukuru sana. Kwamba katiba ya Ohio ingeniruhusu kudai fidia ya mara mbili ya kiasi hicho juu yake, nilikuja kulijua baadaye, hela imeshaishia kwenye kodi ya nyumba.