Maswali na Majibu: Kinachowaua Wanaoishi na VVU

Swali: Shemeji yangu alianza dawa za VVU, akafariki baada ya wiki tatu. Si dawa zilizomuua? (Tandahimba)

Jibu: Sivyo, na kila swali hili linaporudi ujue kuna mgonjwa anayeshauriwa kuacha dawa. Wengi wanaofariki mapema hufika kliniki CD4 (chembe za kinga ya mwili) zikiwa chini ya 200, huku tayari wamebeba magonjwa nyemelezi. Kinachoongoza kwa kuua ni kifua kikuu, na muuaji mwingine mkubwa ni homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi. Kinga inapoanza kuamka, ugonjwa uliojificha huweza kulipuka. Kwa hiyo aliyechelewa aulizie kipimo cha mkojo cha kifua kikuu na kipimo cha damu cha fangasi. Akikutwa na homa hiyo hutibiwa kwanza, na dawa za VVU husubiri wiki 4 hadi 6. Kichwa kinachouma siku nyingi mfululizo huweza kuwa dalili ya homa hiyo, msikitibu kwa vidonge vya dukani.

Swali: Ninaishi na VVU na nina kikohozi cha siku nne. Nisubiri zifike wiki mbili? (Lindi)

Jibu: Usisubiri hata siku moja; nenda ukapimwe kifua kikuu.

Swali: Msimu wa korosho ninahamia shambani miezi miwili. Naweza kusimamisha dawa nikaendelea nikirudi? (Newala)

Jibu: Hapana. Dawa zikikatika virusi huzaliana upya, na kinga huanza kushuka. Kijana mmoja ninayemfahamu alificha kopo lake chini ya gunia ili wenzake wa kibandani wasilione. Gunia likajazwa korosho, likapelekwa ghalani, naye akaona haya kurudi kliniki kueleza. Februari aliletwa juu ya baiskeli, mdomo umejaa utando mweupe, hawezi kumeza hata uji. Mwambieni mhudumu mapema kwamba mnasafiri, kwani mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Wahudumu nao waache kuwafokea waliokatiza dawa, maana maneno makali huwafukuza.

Swali: Virusi vya mke wangu vimefubaa kabisa. Bado niwe na hofu? (Kilwa)

Jibu: Si ya UKIMWI, ilimradi aendelee na dawa. Ila mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa takribani mara 6 zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, ambayo dalili zake za awali hutibika zikiwahiwa. Msindikize akachunguzwe, na siku hiyohiyo mpimwe shinikizo la damu nyote wawili.