Jibu: Mchezaji aliyegongwa kichwa, nani ana kauli?

Salaam kocha. Nimekuelewa hivi: winga wako aligongana vichwa, akazimia kidogo, kisha akang'ang'ania kurudi uwanjani, na kliniki ya jirani ikadai pesa kwanza. Unauliza wajibu ni wa nani.

Mimi huandaa mashindano ya mtaa, si wakili. Refa, kwa sheria za soka, anapaswa kusimamisha mchezo akiona jeraha kubwa. Anayevuja damu hutoka mpaka ikome. Ila aliyepoteza fahamu harudi siku hiyo, hata akiapa kwa jina la mamake. Hapo kauli ni yako wewe kocha. Sisi tulilegeza mara moja, kijana akaja kutapika kwenye matatu.

Kuhusu pesa, Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Itaje pale mapokezi, bila kelele.

Mechi ijayo, kabla ya filimbi, kagua kwanza lango la kuingilia uwanjani. Letu lilizibwa na bodaboda za mashabiki, ambulensi ikakwama nje. Halafu uliza nani pale amefunzwa huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wanafundisha. Peleka hata wawili.