"Huathiri" vipi?

Msomaji amesoma makala kuhusu dawa za saratani zinazonasa kwenye DNA. Amekuta sentensi hii: "Mabadiliko madogo ya muundo huathiri sumu ya dawa." Mbele kidogo, mwandishi anachanganya "athari" na "madhara" kana kwamba ni kitu kimoja. Msomaji anauliza kama ni sawa.

Si sawa. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini athari ni alama au matokeo, yawe mema au mabaya. Madhara ni mabaya tu. Anayeandika "madhara mazuri" anajipinga mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni hicho kitenzi "huathiri". Mwandishi akiona uvivu wa kueleza kilichotokea, anakibandika na kuweka nukta. Sumu imepanda? Imeshuka? Imehamia kiungo kingine?

Chukua sisplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Ni atomu ya platinamu yenye kloridi mbili upande mmoja na amonia mbili upande wa pili. Ndani ya seli kloridi hubanduka, platinamu ikang'ang'ania DNA. Seli za saratani hufa, lakini figo nazo huumia, ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa maji mengi ya mshipa anapopewa dozi. Sasa toa zile kloridi, weka kipande chenye kaboni kinachobanduka polepole. Hiyo ni kaboplatini. Figo zinapata nafuu, kutapika kunapungua, lakini uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, ndio unaolemewa, hivyo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinashuka. Habari yote hiyo unaifunika kwa "huathiri"? Anayesoma huenda ndiye mgonjwa mwenyewe, na anataka kujua daktari atamchunguza figo au damu.

Au usiondoe chochote. Zihamishe tu kloridi za sisplatini zitazamane, kila moja upande wake wa platinamu. Atomu ni zilezile kwa idadi, ila umepata transiplatini, isiyofua dafu mbele ya saratani. Hapo muundo "haukuathiri" dawa, umeifuta.

Vitenzi tunavyo tele: hupunguza, huzidisha, huhamisha, huchelewesha, hufuta. Kwenye kichwa cha habari, ambako nafasi ni finyu, "huathiri" nitaivumilia. Ndani ya makala, siikubali. Mwandishi yule angeandika hivi: "Kubadilisha kloridi za sisplatini kwa kipande chenye kaboni kinachobanduka polepole hupunguza sumu yake kwenye figo na kuuelemea zaidi uboho."