Usichore ngumi: jibu kwa mleta mada mwenye ukuta wa Igoma

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kikundi chenu cha vijana huko Igoma, Mwanza, mmepewa ukuta wa godauni, mnataka kuchora kuhusu manyanyaso ya kila siku, yale ambayo mtu hayapeleki polisi wala hayaitishii kikao cha ukoo. Mchore nini? Na la pili, je, picha inabadilisha mtu au ni kupendezesha mtaa tu. Wadau waliotangulia wameliparamia la pili kwa hasira, wengine wanasema hizo hela za rangi bora mngewapa akina mama mtaji. La kwanza hakuna aliyeligusa. Mimi ni fundi wa mabango, naishi kwa brashi hapa Mwanza mwaka wa 19 sasa, kwa hiyo nianze na lile ninalolijua.

Kazi zangu nyingi ni za kawaida: vichwa vya saluni za kiume, bei za chipsi, majina ya mitumbwi. Ukipita Kirumba mwaloni ukaona HASIDI HANA SABABU kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, huenda mkono ni wangu. Michoro ya aina yenu nimeifanya kama mara saba hivi, karibu zote zikiangukia zile siku 16 za kupinga ukatili, 25 Novemba hadi 10 Desemba, maana ndipo hela za rangi hupatikana.

Ya kwanza niliiharibu. Ilikuwa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, siutaji jina. Nilichora wanachochora wote: mwanamke kavimba jicho, damu puani, mbele yake jibaba limekunja ngumi kubwa kuliko kichwa chake. Juu nikaandika SEMA HAPANA. Siku mbili nzima, nikajiona mwanaume. Wavuvi wakaja kutazama, wakacheka, wakaanza kumtafutia yule jibaba jina. "Huyu si yule mlevi wa kule juu?" Kila mmoja alimwona mwenzake pale. Hakuna aliyejiona. Mmoja akanifuata pembeni akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, umechora vizuri, ila mimi sijawahi kufikia huko. Mimi nampigaga kibao tu akizidi."

Nampigaga kibao tu. Picha yangu ilikuwa imempa yule bwana cheti cha tabia njema.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili naiona aibu mpaka leo, lakini naisema kwa sababu mnaweza kuirudia. Nilipofika kwenye nguo za yule mwanamke nilikosa ua la kanga. Mbele yangu kulikuwa na kamba, imeanikwa kanga ya bluu yenye korosho za rangi ya machungwa kwenye mji, ile sehemu ya katikati, na pindo jeusi. Nikainakili vile vile, korosho kwa korosho. Sikuuliza ni ya nani. Mwalo una watu wangapi? Kufika jioni picha ilikuwa imeshapata jina, na jina lenyewe ni la mwenye kanga. Kama alikuwa anapigwa au hapigwi, haikuwa kazi yangu kulitangaza ukutani. Yule mama akaacha kupita njia ile, akawa anazunguka nyuma ya vichanja vya dagaa na sado lake kichwani, njia ndefu ya mawe matupu. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunitukana. Alisema, "Baba, umenivalisha kipigo mbele za watu."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa pale na ndoo ya rangi nyeupe niliyoinunua mwenyewe.

Tangu hapo sichukui nguo, mlango, jina la mtumbwi wala namba ya usajili kutoka mtaa ninaochora. Ukitaka kanga, buni ua lako. Na ukitaka kujua kwa nini nalisisitiza hili, fikiria kanga yenyewe inavyofanya kazi kwetu. Mtu ananunua kanga kwa ajili ya jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, anaivaa anapita mbele ya jirani, ujumbe unafika na hakuna aliyetajwa. Mimi nilichukua kitu kilichotengenezwa kwa kusema bila kunyoosha kidole, nikanyooshea kidole.

Sasa mchore nini. Msianzie kwenye karatasi, anzieni kwenye kusikiliza. Kazi iliyofuata nilikaa asubuhi mbili na akina mama wanaogeuza dagaa, nikiwasaidia kugeuza pia, maana ukisimama na daftari watu wanakupa majibu ya semina. Niliuliza tu, kitu gani kinakukera ambacho ukikisema unaambiwa mbona ni kidogo. Hakuna aliyetaja ngumi. Walitaja hela ya dagaa inayochukuliwa kabla hawajamaliza kuihesabu. Mnunuzi anayemshika muuzaji kiuno akisubiri kupimiwa. Kutukanwa mbele ya watoto halafu mtoto analirudia tusi kesho yake. Simu kukaguliwa kila jioni kama mzigo wa bandarini. Mwenye mtumbwi anayemwambia mchuuzi asiye na hela, "chukua tu samaki, utalipa usiku," na watu wote pale wanacheka. Hicho kicheko ndicho walichokitaja zaidi kuliko maneno yenyewe.

Nikachora mikono. Mikono miwili tu, mikubwa, ukuta mzima. Wa juu ni wa mwanamke, umeshika noti zilizokunjwa, magamba machache ya dagaa yamenata kwenye vidole. Wa chini ni wa mwanaume, kiganja wazi, unasubiri. Hakuna uso, hakuna damu, hakuna maandishi. Kidole gumba cha mwanamke nilikikaza kwenye zile noti mpaka ukucha ukawa mweupe, na hicho kidole kimoja kilinichukua muda mrefu kuliko kiganja chote cha chini.

Mtu wa kwanza kusimama aliuliza, "Huyu anampa au ananyang'anywa?" Basi. Ubishi uliowaka pale sijauona hata kwenye Simba na Yanga. Wanaume wakasema anampa atunze, ndiyo utaratibu wa nyumba. Bibi mmoja muuza vitumbua akasogea hadi puani pa ukuta, akagusa kile kidole gumba akasema, "Kama anampa, mbona amekaza hivi?" Kimya kikashuka. Halafu ubishi ukaanza upya, safari hii wanabishana wao kwa wao na mimi nimesahaulika. Ngumi watu wanaiangalia wanapita, kwa sababu imeshamaliza kusema.

Msisahau kwamba wanaotazama ukuta si wanaume peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kuaga. Wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume, 40. Nilipoiona hiyo namba nilielewa kwa nini baadhi ya akina mama waliotazama ile ngumi yangu ya kwanza waliuliza, "Kwani alifanya nini?"

Ndiyo maana picha ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyowaudhi akina mama wenyewe. Nilichora familia mezani, wali na sato, baba, mama, watoto watatu. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni, binti wa kazi amekaa chini anakwangua ukoko kwenye sufuria. Nilimweka mdogo, kama yule kipanya wa mchora katuni Masoud Kipanya anayekaa kwenye kona ya katuni, kwamba usipotafuta humwoni. Akina mama walikuja wakaisifia ile meza. Sato kakaangwa vizuri, fundi. Mpaka mmoja akamwona binti. Akageuka akaniangalia mimi, hakuangalia ukuta tena, akasema, "Sasa huyu umemweka wa nini?" Nikamjibu, mama, mimi nimechora nyumba tu. Wiki ile nililetewa malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili kwamba nachochea wafanyakazi wa ndani. Kuhusu ngumi sikuwahi kulalamikiwa hata mara moja.

Kwenye ukuta wenu wa Igoma mngeweza kumweka mwanafunzi mlangoni mwa daladala, konda kamziba kwa mkono, abiria wote ndani wanaangalia simu. Chora wale abiria vizuri kuliko konda. Konda tunamjua.

Kuhusu sheria, msijaze ukuta maandishi. Mimi huandika mstari mmoja chini, kwa herufi zile zile za mitumbwi. Kuna mahali niliandika kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mzee mmoja alisoma kwa sauti, akarudia ule mwaka. "Sabini na moja? Mimi nimeoa themanini na tatu." Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa kama mtu aliyegundua amedaiwa miaka yote hiyo bila kuambiwa.

Namba 116, ile simu ya bure ya msaada kwa watoto, iwekeni chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la tatu, siyo juu kwenye mapambo. Na kabla hamjaiandika, ongeeni na afisa ustawi wa jamii wa kata, na mjue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu liko kituo gani. Nasema hivyo kwa sababu picha ikishika, watu watamfuata aliyeshika brashi. Nimewahi kufuatwa jioni nikiosha brashi, nikaambiwa jambo zito na mtu mzima anayetetemeka, na mimi sina nilichosomea zaidi ya rangi. Siku ile nilikuwa na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Isingekuwepo, sijui ningemwambia nini.

Wakati wa kuchora nao una maana. Huku mwaloni tunachora mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, taa ndizo zinazovuta dagaa, mwezi ukikomaa taa hazina kazi na wanaume wanashinda nchi kavu. Ukichora wakati wa giza mchana watakuwa wamelala, utahutubia kuku. Ninyi mtatafuta mbalamwezi yenu, labda jioni za mwisho wa mwezi. Na mtu mmoja wa kikundi asichore kabisa, kazi yake iwe kusimama na kuuliza "unaona nini hapa?" halafu anyamaze. Lile shirika la haki za wanawake la Kivulini, lililoanzia hapa hapa Mwanza mwaka 1999, jina lake linasema mahali ambapo watu wetu huongelea mambo. Ukuta usio na kivuli hausomwi, mtu anaupita anakimbia jua.

Rangi, kwa kifupi: piga msasa, piga andakoti, ndipo rangi ya mafuta. Ya maji ni rahisi lakini mvua za masika zitaibandua kama ganda la kitunguu. Mtindo wa Tingatinga naupenda, ila kwa kazi hii uacheni, watu watadhani mnauzia watalii. Barua ya mwenye ukuta iwe na muda umeandikwa. Ule wa mikono ulifunikwa na tangazo la kampuni moja baada ya miezi minne, na mwenye nyumba akaniambia kwa uso mkavu kwamba wao wamelipa.

Sasa swali lako la pili. Sijui mwanaume hata mmoja aliyeacha kwa sababu ya ukuta wangu, na anayekwambia anamjua mwombe akuonyeshe mkewe kwanza. Nilichokisikia ni hiki. Mwaka mmoja baada ya ile mikono kufutwa nilirudi mwalo ule kuandika jina la mtumbwi mpya. Akina mama wawili walikuwa wanafunga magunia, mmoja akamuuliza mwenzake, "Jana mkono ulikuja?" Mwenzake akajibu, "Ulikuja, ila nilishampa dada yangu akaweke kwenye kikundi." Wakaendelea kufunga. Ukuta wenyewe nyuma yao una tangazo la vocha.

Mleta mada, hujasema ukuta wenu unatazama upande gani. Kama ni mashariki, kivuli mtakipata mchana, na wanafunzi wanaorudi saa tisa watasimama. Kama ni magharibi, jua la jioni litakuwa kwenye uso wake hadi linazama, mtahitaji mwembe au turubai. Piga picha leo saa tisa na saa kumi na mbili, ziweke hapa tuone.