Kabla hamjauza shamba la Muheza

Swali lenu la wiki hii, "Mhandisi anayetaka shahada ya uzamili achague chuo chenye jina au chuo anachokimudu?", limenigusa pabaya, kwa hiyo mtaniwia radhi nisipolijibu kama lilivyoulizwa. Mmeuliza kana kwamba anayechagua ni kijana mwenye barua mkononi. Huku kwetu Tanga kinachochagua ni kikao. Na kikao hakilinganishi vyuo, kinalinganisha mali: kiuzwe nini, cha nani, na nani atanuna.

Mimi ni mhandisi mitambo. Uzamili nimeusomea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kiwandani sijaulizwa na mtu kwa nini sikwenda ng'ambo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo, ili ikusajili kama mhandisi mtaalamu, inataka shahada ya kwanza inayotambulika na miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi. Uzamili haumo kwenye masharti. Basi nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu moja tu: jina ni la wapiga soga wa barazani, chukueni cha bei nafuu mrudi kazini.

Sasa sikilizeni. Mtoto wa kaka yangu alimaliza uhandisi wa umeme, akapata mafunzo ya vitendo kwenye kituo cha umeme wa maji cha Hale, kile cha tangu 1964, akatoka huko haongei kingine ila mitambo ya maji. Akaomba vyuo kimyakimya, zikaja barua mbili. Moja ya Uingereza, mwaka mmoja, chuo ambacho hata muuza kahawa wa Barabara ya 12 amelisikia jina lake, ada pauni zaidi ya 30,000. Nyingine ya Ujerumani, miaka miwili, mji ambao hakuna aliyeweza kuutamka, ada hakuna, ni mchango mdogo wa kila muhula.

Kaka akaita kikao nyumbani Ngamiani, Jumapili baada ya alasiri. Wifi akatoa bajia na chatne. Mjomba wa kijana, ambaye ni wakala wa forodha bandarini, ndiye aliyepewa kazi ya hesabu. Akabonyeza simu yake, akaigeuza ili kila mtu azione zile sifuri.

"Milioni mia," akasema. "Na hajala bado. Viza sijaweka, bima yao ya afya pauni 776 kwa mwaka sijaweka."

"Shamba la Muheza lipo," akasema kaka.

Shamba lenyewe la machungwa ni la mama yetu, ingawa kila mtu hulitaja kama lake. Mama alikuwa pembeni anachambua mchicha. Hakuinua uso. "Msimu wa mwaka huu umeshauzwa mtini. Kama mnauza ardhi semeni ardhi, msiseme shamba lipo."

Kimya. Mtu akajaza vikombe. Shemeji mmoja akaona aokoe jahazi, akauliza kwa nini kijana asivuke tu bahari, si tunasikia Wahindi wa IIT Madras, kile chuo chao cha teknolojia, wamefungua tawi Unguja tangu 2023? Kijana akamjibu kwa adabu kwamba uzamili walioanza nao kule ni wa sayansi ya data na akili bandia, na yeye anataka nishati. Shemeji akasema sawa, lakini ni karibu.

Ikaja ile ya Ujerumani. Kijana akaeleza kwamba ada hakuna, ila ili apate viza lazima aoneshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, na akishafika anaachiwa euro 992 kila mwezi.

"Zaidi ya milioni 30," akasema mjomba. "Kwa hiyo si ya bure."

"Ni zangu mjomba, nazila mwenyewe kule."

"Pesa zako, wao wakae nazo, wakupe kidogo kidogo?"

Hapo tulikaa karibu saa nzima. Mjomba anashikilia kwamba mtu hawezi kuzuiliwa pesa yake akasema hajalipa. Wifi anauliza kama riba ipo, maana kama ipo ni haramu. Mpaka mama akasema, bado na mchicha wake, "Si kama kijumbe tu wa upatu?" Watu wakacheka, na ndipo ikaeleweka.

Kaka hakucheka. Alikwisha kulitaja lile jina la Uingereza msikitini. "Nitawaambia nini watu?" akauliza, na aliuliza kweli, si mzaha.

Mimi niliuliza kuhusu maabara na msimamizi wa utafiti. Nikaambiwa, "Shangazi, subiri kwanza." Nikauliza mji ule uko jimbo gani, kwa sababu Baden-Württemberg tangu 2017 wanawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hilo angalau walilisikia, kwa kuwa lilikuwa na pesa ndani yake. Mji haukuwa huko. Na kwamba kijana akiajiriwa ataanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa Bodi ya Mikopo aliosomea shahada ya kwanza, hilo hakuna aliyetaka kulizungumza mbele ya bajia.

Ardhi haikuuzwa. Mjomba alikopesha, upatu wa wifi ukaongezea, nami nikatoa changu. Kijana akaenda Ujerumani, na kaka akawaambia watu mtoto yuko Ulaya, ikatosha kabisa.

Hapo ndipo nilitaka kuweka nukta. Lakini kumbe maabara ya kule ilikuwa ya upepo, maji wanayagusa kwa mbali. Kijana amemaliza, amefaulu, na alichokifuata hakukipata. Na kuna binti wa jirani yetu, somo lilelile, aliyekwenda Uingereza kwenye chuo chenye jina kwa ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza. Mwalimu wake kule alimwandikia barua kwa watu anaowajua. Kazi za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, ziliposikika huku, wote wawili walituma maombi kwa kampuni zilezile za nje. Yake yalijibiwa. Ya kijana wetu hayajajibiwa mpaka leo. Inawezekana binti anajieleza vizuri zaidi. Namfahamu, anajieleza vizuri. Lakini siwezi kuandika hapa kwamba jina halikufanya kitu.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililokaa kuliandika: aende kwenye jina. Ila jina hilo lilipiwe na mwingine. Kama mlipaji ni ukoo, aende pasipo na ada au Mlimani, na kaka zetu wavumilie msikitini. Na hata pasipo na ada, amwandikie msimamizi kwanza, aulize maabara ina mashine gani, kabla ya mtu yeyote kuhesabu machungwa. Ila sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kumwambia mwanangu aikatae barua ile ya Uingereza akiwa ameishika mkononi.

Chevening huwa wanafungua maombi Agosti na kuyafunga mapema Oktoba. Wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, na baada ya masomo urudi nyumbani ukae angalau miwili. Kijana wetu wakati ule alikuwa bado hajatimiza hiyo miwili ya kazi. Mwaka mmoja tu wa kusubiri, na kwenye kikao chote kile hakuna aliyesema asubiri.