Wasomaji Wauliza: Kisima Kimeanza Kuingia Chumvi

*Assalaam aleikum mhariri. Nina nyumba ya wageni Shela, Lamu, vyumba sita. Tangu niweke injini ya umeme kisimani, kila kaskazi maji yanaingia chumvi, na majirani nao wanalalamika. Fundi anasema nichimbe zaidi. Nimsikilize?*
Msomaji, Shela

Waaleikum salaam. Usichimbe zaidi, tafadhali. Chini ya maji yako matamu hakuna maji mengine matamu, kuna bahari. Mvua inayonyea vilima vya mchanga vya Shela huzama, ikaelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi kidogo: lita ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, ya mvua kilo 1. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na futi 40 hivi chini yake. Hesabu hiyo pia hurudi nyuma. Ukishusha uso wa maji kwa futi moja na kuuacha hapo, chumvi hupanda futi 40 kuelekea mdomo wa bomba lako. Ikishaingia haiondoki upesi. Husubiri masika, na pengine masika moja haitoshi.

Kuvuta maji si kosa. Kosa ni kuvuta kwa pupa. Injini inayotoa lita 3,000 kwa saa moja huyashusha maji ghafla palepale kisimani, na chumvi hupanda chini yake kama kichuguu. Weka pampu ya lita 500 kwa saa, ifanye kazi saa sita, ijaze tangi la juu, kisha ipumzike. Utapata maji yaleyale. Inua mdomo wa bomba ukae karibu na uso wa maji, usiulaze sakafuni mwa kisima. Kiwanja kikiruhusu, visima viwili vifupi vilivyo mbalimbali ni bora kuliko kimoja kirefu, lakini kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kitangulie jembe.

Nunua kipimo cha chumvi cha mkononi. Pima kila bamvua (siku za maji makubwa ya bahari), maji yakiwa yamejaa, kabla hujawasha pampu, maana kisima cha karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ukipima leo maji yamejaa na kesho yamekupwa, namba zitakudanganya. Kwenye kipimo hicho maji ya bahari husoma takriban maikrosimensi 50,000 kwa sentimita; namba ikipanda, chumvi imezidi. Yako yakipanda bamvua tatu mfululizo, punguza saa za pampu hata kama ulimi bado hauonji kitu.

Tazama pia shimo la choo. Mchanga hupitisha maji upesi bila kuyasafisha vya kutosha. Maji ya ardhini hapo hutoka vilimani kwenda baharini, kwa hiyo shimo liwe upande wa bahari, kisima upande wa vilima, na kati yao kusipungue mita 30.

Halafu kuna paa lako, ambalo wengi hulisahau. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba likinyeshewa milimita 20 hukusanya lita 1,600. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 1,280. Madumu manne ya kwanza (ya lita 20) yamwage, ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Makuti hayafai kwa kazi hii, maji yake hutoka na rangi. Nyumba za zamani za Lamu zilikuwa na birika (tangi la maji la kujengwa) chooni, na samaki wadogo ndani yake wa kula viluwiluwi vya mbu. Ni ufundi wetu, na bado unafaa.

Na mchanga wa vilimani usiuguse kwa ujenzi. Maji ya mji wa Lamu hutoka visima vya Shela. Anayebeba mchanga ule amebeba tangi la mji mzima.

*Sisi vijana wa Pate tunakata boriti kwa kibali. Tuliambiwa mti utachipua, lakini visiki vimekauka. Kwa nini?*
Msomaji, Pate

Miti ya mikokoni hailingani: mchu huchipua kisikini. Mkoko hauchipui, ukiukata umekwisha, na kinachobaki ni mbegu. Basi kila mnapokata acheni miti mikubwa inayozaa, wala msifyeke eneo zima. Ondoeni matawi yaliyobaki, kwa sababu maji yakijaa huyasukasuka yakavunja miche. Subirini mwaka: miche ikijiotea, hakuna haja ya kupanda.

Isipojiotea, kusanyeni mbegu zilizokomaa, zile zenye shingo ya manjano zinazong'oka kwa urahisi. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja izame matopeni, mita 1 kati ya mche na mche. Pandeni penye visiki vya mkoko. Mkipanda nje, mbele ya mlilana (mti wa mikokoni unaoota upande wa bahari), mawimbi ya kusi yataing'oa miche yote.