Kujua umri wa wembe kwa katalogi za kuagiza kwa posta
Ndugu, umeuliza kama mchoro unaofanana na wembe wako wa kukunja katika katalogi ya 1902 ya Sears, Roebuck, kampuni ya Marekani iliyouza bidhaa kwa posta, unathibitisha umri wake. Hauthibitishi. Michoro ile ilikuwa ghali kuchongwa, kwa hiyo ilirudiwa toleo baada ya toleo. Inakuonyesha tu kwamba mtindo huo ulikuwa sokoni.

Anza na maandishi ya shinani, yaani kipande cha chuma kati ya makali na mpini, karibu na msumari wa mpini. “Germany” huashiria 1891 au baadaye, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka. Kisha pima kutoka mgongo hadi makali. Upana wa kawaida ni 5/8 ya inchi, karibu milimita 16. Ukipungua, huenda kunoa kumeula.

Ile Gillette yako, wembe wa usalama, usiipe umri kwa “Nov. 15, 1904”. Hiyo ni tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi), na iliendelea kugongwa miaka mingi.

La haraka zaidi: mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) ukinuka kafuri au siki na chuma kikaota kutu, utenge na nyembe nyingine leo hii. Mvuke wake huziozesha zote.